Simama Ng'ambo

Tarehe 24 Septemba 1848, wapiga picha wawili, Charles Fontayne na William Porter, walipanda juu ya paa la jengo moja mjini Newport, katika jimbo la Kentucky, Marekani, wakaelekeza kamera yao ng'ambo ya mto Ohio. Mbele yao ulikuwa mji wa Cincinnati, bandari tajiri ya mtoni, na meli za mvuke zimejipanga kwenye ukingo pua zikitazama nchi kavu. Walipiga mabamba manane ya shaba yaliyopakwa fedha, moja baada ya jingine, wakiigeuza kamera kidogo kila mara. Mabamba hayo yakipangwa ubavu kwa ubavu yanaonyesha karibu kilomita tatu za ukingo wa mto, na nyuma yake nyumba, mabohari na minara ya makanisa inayopanda hadi vilimani.

Mabamba hayo yapo hadi leo katika maktaba ya umma ya Cincinnati. Wataalamu walipoyaweka chini ya hadubini, zaidi ya miaka 150 baada ya kupigwa, waliona mapazia madirishani, tindi za magurudumu ya mikokoteni na maandishi ya mabango ya maduka. Kuna mnara wenye saa. Kwenye bamba, uso wa saa hiyo una upana wa kama milimita moja tu, lakini mishale yake inasomeka: ilikuwa saa nane kasoro dakika tano mchana. Tunaujua mji huo ulivyokuwa wakati ule hasa, jua likiwa wapi, meli gani imefunga gati, nani amesimama kando ya maji.

Nimeanza na Cincinnati kwa sababu mabwana wale wawili walifanya uamuzi ambao mpiga picha wa miji anatakiwa kuufanya kabla hajagusa kamera. Walitoka mjini. Waliuvuka mto na kwenda kuutazama mji kutoka upande usio wake. Aliye katikati ya mji anaona kuta, nyaya za umeme na migongo ya daladala. Mji mzima, na jinsi majengo yake yanavyopishana kwa urefu mbele ya anga, anauona aliye ng'ambo. Na ng'ambo ile ya Newport haikuwa mahali popote tu. Kentucky ilikuwa bado jimbo la utumwa, na Ohio ilikuwa jimbo ambalo utumwa ulipigwa marufuku. Mto uliopo katikati ya picha ndio mpaka ambao watumwa waliotoroka waliuvuka usiku wakitafuta uhuru. Picha ya uzuri wa namna ile ilipigwa kutoka kwenye ardhi ambayo binadamu aliweza kuuzwa, ikitazama ardhi ambayo hakuweza. Kila ninapoitazama naikumbuka habari hiyo, na naona ni haki kila anayeitazama aambiwe.

Maji yanamsaidia mpiga picha kwa namna ambayo nchi kavu haiwezi. Kwanza yanamrudisha nyuma. Ili jengo la mita 300 lienee kwenye fremu pamoja na majirani zake, unahitaji kurudi nyuma kilomita moja au mbili bila kitu chochote kukuziba, na katika mji wa kawaida nafasi kama hiyo hupatikana mtoni, ziwani au baharini tu. Kisha maji yanaongeza mwanga. Anga likiwa na rangi, maji nayo yana rangi. Taa zikiwaka, kila taa inapata mkia wake juu ya maji. Ndiyo maana picha za miji zinazojulikana sana duniani nyingi zina maji sehemu ya chini. Manhattan hupigwa kutoka Brooklyn au kutoka New Jersey. Hong Kong hupigwa kutoka Kowloon. Maghorofa ya Pudong mjini Shanghai hupigwa kutoka Waitan, ng'ambo ya mto Huangpu. Toronto hupigwa kutoka kwenye visiwa vyake vya ziwa Ontario, ambako mnara wa CN, mita 553, unaonekana kuanzia shinani hadi kileleni.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii hadi wafike ni kwamba kila ng'ambo ina saa yake, na saa hiyo inapangwa na dira. Turudi Newport. Mji ule uko kusini mwa mto, kwa hiyo Fontayne na Porter walitazama kaskazini. Katika nchi zilizo juu kaskazini, jua la mchana hukaa upande wa kusini, kwa hiyo lilikuwa migongoni mwao likizimulika nyumba za Cincinnati usoni. Ndiyo sababu picha ya saa nane mchana ikatoka safi namna ile. Sasa nenda Kowloon. Ukisimama kando ya maji pale Tsim Sha Tsui unatazama kusini, na kwa sehemu kubwa ya mwaka jua la mchana liko nyuma ya kisiwa unachotaka kukipiga. Majengo yanakuonyesha upande wake wenye kivuli, anga linakuwa jeupe kupita kiasi, na picha inakufa. Nadhani hii ni sababu mojawapo ya Hong Kong kujulikana duniani kwa picha zake za usiku. Anayetaka kuipiga mchana afadhali apande kilima cha Victoria, ambacho kilele chake ni mita 552 juu ya bahari, atazame kaskazini jua likiwa nyuma yake.

Shanghai ni kinyume cha Manhattan ya Brooklyn. Waitan iko magharibi mwa mto na Pudong mashariki, kwa hiyo alfajiri jua linachomoza nyuma ya maghorofa, na jioni linayapiga usoni. Brooklyn iko mashariki mwa Manhattan, kwa hiyo asubuhi ndiyo inayomulika vioo vya majengo, na jioni yote yanageuka vivuli vyeusi mbele ya anga la rangi ya moto. Ukivuka upande wa pili, New Jersey, mambo yanageuka tena. Mji ni uleule, jua ni lilelile, na picha mbili hazifanani hata kidogo. Mtu akiniuliza anunue lenzi gani kabla ya kusafiri, humwambia kwanza afungue ramani, aweke kidole anapotaka kusimama, halafu aniambie anatazama upande gani.

Dar es Salaam ina ng'ambo yake, Kigamboni, na wenyeji wanavuka kwenda huko kila siku kwa pantoni bila kufikiria kwamba wanapita mahali ambapo mji wao unaonekana wote. Kutoka ukingo wa Kigamboni katikati ya mji kuko upande wa kaskazini-magharibi. Hesabu inafanyika yenyewe: asubuhi jua liko mgongoni mwako na mji unang'aa, jioni linazama nyuma ya mji. Asubuhi ni ya anayetaka kuonyesha majengo, rangi zake, madirisha yake, nguo zilizoanikwa kwenye roshani za ghorofa za zamani. Jioni ni ya anayetaka umbo.

Mimi ni mtu wa jioni, na jioni ya pale inataka mtu aliyejiandaa. Chukua siku ya mwezi wa Juni, jua likizama kama saa kumi na mbili na robo. Fika saa kumi na moja na nusu. Salimia kwanza waliopo. Kuna wavuvi, kuna mama wa mihogo, na kuna askari, kwa sababu bandari ni eneo la ulinzi na Ikulu iko upande wa pili pale Magogoni. "Shikamoo mzee, naomba kusimama hapa nipige picha ya mji," inatosha kwa wengi. Kwa askari uliza waziwazi ni upande gani hautakiwi kuelekezewa kamera, na ukiambiwa hapana, funga begi. Chagua pa kuweka stendi yenye miguu mitatu. Ikiwa ni mchangani, ikandamize hadi miguu igote, maana mchanga hushuka taratibu, na picha ya sekunde kumi itakutoka na kivuli cha pili bila wewe kujua kilikotoka. Juni ni kipindi cha kusi, na upepo unatosha kuitikisa stendi nyepesi. Tundika begi lako katikati yake kwa chini ili iwe nzito.

Jua linapogusa majengo, watu wengi hupiga picha zao na kuondoka. Wanaondoka mapema. Kwa dakika kumi za mwanzo anga lina rangi ya chungwa na mji ni mweusi tu, taa zake bado hazijashika nguvu. Kisha chungwa linashuka, bluu inaingia kutoka juu, na madirisha yanaanza kujitokeza moja moja. Kati ya dakika ya 14 na ya 30 baada ya machweo, mwanga wa anga na mwanga wa taa unakaribia kulingana. Hapo ndipo kamera inaweza kuvishika vyote viwili pamoja, bila anga kuwa jeusi na bila taa kuungua. Kwa lenzi iliyofunguliwa kiasi cha f/8 na ISO 100 utaanza na sekunde mbili au tatu, na utakapofika mwisho utakuwa kwenye sekunde 15 au 20. Usibonyeze kwa kidole. Tumia kipima muda cha sekunde mbili, kidole chako kisije kuitikisa kamera. Pantoni ikipita katikati ya picha iache ipite. Taa zake zitachora mistari juu ya maji, na mistari hiyo ni sehemu ya habari ya mahali pale.

Usijaribu kazi hii ukiwa ndani ya pantoni yenyewe. Chombo kinayumba, injini inatetemesha sakafu, na stendi haina msaada wowote. Ndani ya chombo piga mchana, kwa kasi kubwa, moja ya mia mbili na hamsini ya sekunde au zaidi, na usimame kwa miguu yako tu bila kuegemea chuma kinachotetemeka.

Dakika hizo za bluu ni chache kwetu, na sababu iko angani. Karibu na ikweta jua linashuka wima. Linapofika upeo wa macho linazama moja kwa moja, na baada ya dakika 20 na kitu limeshakuwa nyuzi sita chini ya upeo, ambapo wanaastronomia wanahesabu kwamba sehemu ya kwanza ya utusitusi wa jioni imekwisha. London mwezi huohuo wa Juni jua linashuka kwa mshazari, likiteleza pembeni, na safari hiyohiyo ya nyuzi sita inachukua zaidi ya dakika 45. Mpiga picha wa London ana muda wa kujaribu, kuhama, kubadili lenzi, hata kunywa chai. Sisi wa mwambao tuna muda wa kusimama mahali pamoja na kupiga. Vitabu vingi vya kufundisha upigaji picha vimeandikwa na watu wa kaskazini, na mwanafunzi wa Mombasa au Tanga anayefuata ratiba yao giza litamkuta angali anafunga lenzi. Kwetu fremu inapangwa jua likiwa bado juu.

Hata huko kaskazini kuna aliyebanwa na dakika. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, mpiga picha Berenice Abbott alitaka kuupiga mji wa New York usiku, taa zote za ofisi zikiwaka. Tatizo lake lilikuwa kwamba wafanyakazi walizima taa na kwenda nyumbani saa kumi na moja jioni, na kwa siku nyingi za mwaka saa hiyo bado ni mchana. Alipiga hesabu akaona kwamba nafasi inapatikana katika siku zile fupi kabisa za Desemba peke yake, giza linapoingia kabla ya watu kutoka kazini. Alipata ruhusa ya kutumia dirisha la ghorofa ya juu katika jengo la Empire State, mahali ambapo upepo haukumfikia, akaweka kamera yake kubwa na kuacha shata wazi kwa dakika 15. Alikuwa na nafasi ya picha moja, na jengo halikutakiwa kutikisika, wala taa hazikutakiwa kuzimwa kabla ya wakati. Picha hiyo, *Nightview, New York*, inaonyesha mitaa ikiwaka chini na maelfu ya madirisha yenye mwanga, na kila dirisha moja lina mtu ambaye siku hiyo hakuwa ameondoka bado. Nimeona picha nyingi za miji usiku zilizopigwa kwa mashine za bei kubwa. Sijaona inayoishinda hii, na naamini siri yake ni ile hesabu ya saa za kazi, maana Abbott aliijua kalenda ya jua pamoja na kalenda ya makarani.

Kuna miji isiyo na maji mbele yake. Nairobi ni mmojawapo, na ng'ambo yake ni mbuga. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi ilitangazwa mwaka 1946, ina ukubwa wa kilomita za mraba 117, na kutoka kwenye nyasi zake maghorofa ya mji yanaonekana wazi. Picha ya twiga aliyesimama mbele ya maghorofa imesambaa duniani kote, na mara nyingi wanaoiona hudhani ni ya kuunganishwa kwenye kompyuta. Ni ya kweli, na maelezo yake ni hesabu ya darasa la saba. Mnara wa Britam, pale Upper Hill, una urefu wa mita 200. Tuseme uko kilomita nane kutoka ulipoegesha gari. Twiga dume ana urefu wa kama mita tano. Ukigawa 200 kwa 8,000 unapata moja ya arobaini. Kwa hiyo twiga wa mita tano, akiwa umbali wa mita 200 kutoka kwako, atakuwa na kimo kilekile cha mnara ndani ya fremu. Akisogea hadi mita 100 anakuwa mara mbili yake. Akiondoka hadi mita 400 anakuwa nusu.

Watu husema lenzi ndefu ndiyo inayousogeza mji karibu na mnyama. Ukweli ni kwamba uwiano huo unawekwa na mahali uliposimama. Lenzi ndefu inakata tu kipande kidogo cha unachokiona na kukikuza. Unaweza kujihakikishia mwenyewe: piga kwa lenzi pana kutoka palepale, kisha kuza sehemu ya katikati, na twiga na mnara watakuwa na uwiano uleule, ila kwa ubora mdogo. Kwa hiyo ukitaka mnara uwe mkubwa zaidi ya twiga, mwambie dereva arudi nyuma. Na usimwombe aache barabara kumfuata mnyama; sheria za hifadhi zinakataza, na pia huhitaji. Adui wa picha hii ni hewa ya joto. Ikifika saa nne asubuhi ardhi imepata moto, hewa inacheza, na kingo za maghorofa zinayeyuka hata lenzi iwe ya thamani gani. Nenda lango linapofunguliwa, hasa asubuhi baada ya mvua ya usiku, hewa ikiwa imeoshwa vumbi na moshi.

Hewa hiyohiyo mara chache humpa mpiga picha zawadi. Ukingo wa mashariki wa ziwa Michigan uko karibu kilomita 90 kutoka Chicago. Kwa mtu aliyesimama usawa wa maji, mviringo wa dunia unapaswa kuuficha mji ule wote, pamoja na mnara wa Willis wenye mita 442. Lakini majira ya kuchipua, maji yakiwa bado ya baridi na hewa ya juu ikiwa imeanza kupata joto, mwanga unapinda kufuata mviringo wa dunia, na maghorofa ya Chicago yanajitokeza juu ya ziwa, wakati mwingine yakiwa yamerefuka. Picha za tukio hilo zimepigwa, na wanasayansi wa hali ya hewa wamezieleza. Mji unaouona kwenye picha hizo umenyanyuliwa na hewa.

Kuhusu kupanda juu nitasema machache, kwa sababu nadhani kunasifiwa kupita kiasi. Picha iliyopigwa kutoka juu kabisa ya jengo refu kuliko yote ina upungufu mmoja mkubwa, nao ni kwamba jengo hilo halimo. Ndiyo maana wajuzi wa New York wakitaka picha ya Empire State hupanda paa la Rockefeller Center na si Empire State lenyewe. Na ukishapanda sana, mji unalala chini kama ramani. Unajua barabara zinavyokwenda lakini huoni tena nani ni mrefu kuliko nani. Kinachonivutia huko juu ni Dubai wakati wa baridi, ukungu wa alfajiri unapofunika mitaa na kuacha vilele tu, na Burj Khalifa, mita 828, ukiwa peke yake juu ya wote. Hapo urefu una maana, kwa sababu ukungu unafanya kazi ya maji.

Mji nao unaweza kuamua uonekane kutoka wapi. London imeamua. Tangu miaka ya 1930 kuna masharti ya kuzuia majengo marefu yasizibe kanisa la Mtakatifu Paulo. Katika bustani ya Richmond kuna kilima kidogo ambacho kutoka hapo, kupitia pengo lililokatwa kwenye ua wa miti, unaliona kuba la kanisa hilo umbali wa zaidi ya kilomita 16, na ujia huo wa macho unalindwa na mipango miji. Jengo la Leadenhall, lenye mita 225 na lililokamilika mwaka 2014, lina upande mmoja ulioinama kuanzia chini hadi juu. Wengi hudhani ni madaha ya msanifu. Limeinama ili anayetazama kanisa kutoka mtaa wa Fleet asizibwe.

Hawakulilinda bure. Usiku wa tarehe 29 Desemba 1940, ndege za Ujerumani zilipoimwagia London mabomu ya moto, Herbert Mason, mpiga picha wa gazeti la Daily Mail, alipanda paa la ofisi yao na kungoja. Moshi ulifunika kila kitu. Ulipopasuka kwa muda mfupi, kuba lilitokea likiwa zima juu ya majengo yanayoungua, naye akapiga. Picha hiyo iliwapa moyo watu wengi katika vita ile. Kilichoifanya iwezekane ni kwamba kutoka paa lile hadi kwenye kuba hapakuwa na jengo refu katikati.

Ningependa Dar es Salaam nayo ifikirie jambo hili mapema. Kanisa la Azania Front, lililoanzwa kujengwa na Wajerumani mwaka 1898, kwa mapaa yake mekundu na mnara wake, lilikuwa alama ya mabaharia wanaoingia bandarini. Leo limesimama mbele ya minara ya vioo yenye ghorofa zaidi ya 30: minara pacha iliyojengwa na mfuko wa pensheni wa PSPF, na jengo la Mamlaka ya Bandari. Sisemi minara hiyo isingejengwa. Mji unaokua utapanda juu. Ila bado kuna sehemu kwenye ukingo wa Kigamboni ambapo paa jekundu linaonekana zima, likiwa na maji mbele yake. Kipande kidogo cha ufuo, kilichoachwa wazi kwa sheria ili mtu yeyote asimame na kutazama, kingegharimu kidogo kuliko kukivunjia ukuta baadaye. Wapiga picha, wasanifu na watu wa mipango miji wakae pamoja walitaje eneo hilo kwa jina.

Thamani ya mahali kama hapo inaonekana unapopanga picha za ufuo wa Mji Mkongwe, Zanzibar, kwa miaka. Karne ya 19 studio za picha zilifunguliwa Unguja, ile ya A. C. Gomes ikiwa miongoni mwa zinazokumbukwa zaidi, na picha za mji kutoka baharini zikawa bidhaa: wasafiri walizinunua, na baadaye zikachapwa kama kadi za posta. Aliyesimama melini mwanzoni mwa miaka ya 1890 alipata mbele yake Beit al-Ajaib, kasri lililojengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash, pembeni yake kasri la Beit al-Hukm, na mbele yao mnara mrefu wa taa umesimama peke yake. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza ziliupiga mji kwa mizinga kwa chini ya saa moja. Katika picha za baada ya hapo, kutoka pembe ileile ya bahari, Beit al-Hukm haipo, mnara wa taa haupo, na usoni mwa Beit al-Ajaib kumeongezwa mnara wa saa ambao vizazi vilivyofuata vilidhani ulikuwepo tangu mwanzo. Kisha tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib ikaporomoka, na ufuo ukawa na pengo ambalo hakuna picha ya awali iliyo nalo.

Mfululizo huo haukupangwa na mtu mmoja. Umetokea kwa sababu vyombo viliingia bandarini kwa njia ileile, na wapiga picha waliosimama ndani yake walijikuta mahali palepale, mwaka baada ya mwaka. Sisi tunaweza kuupanga. Chagua ng'ambo moja ya mji wako: Kigamboni, Likoni kule Mombasa, mbuga ya Nairobi, au kilima chochote cha Mwanza kinachotazama ghuba. Weka alama unaposimama, jiwe au nguzo isiyohama. Tumia lenzi ileile, mwezi uleule, saa ileile, na usawa uleule wa kamera. Piga picha iliyo wazi na kali kabla ya kupiga ile ya kupendeza. Kisha andika kwenye jina la faili, au nyuma ya karatasi, mahali, tarehe, saa na upande ulioelekea, kwa maneno ambayo mtu asiyekujua atayaelewa. Weka nakala mbili katika nyumba mbili tofauti. Mwaka unaofuata rudi, usimame palepale, na upige hata kama unaona hakuna kilichobadilika.